Kamba ya Jenereta

Mimi mdomo wangu hauna breki, na wanaonijua hapa mtaani La Rochelle watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Marehemu mume wangu, Sandile, alikuwa akisema kwamba miaka ile alipokuja Morogoro kama mkimbizi wa siasa hakuwaogopa makaburu, aliniogopa mimi. Akanioa hivyo hivyo. Njia ya kurudi kwao ilipofunguka akanileta huku Johannesburg, na alipofariki akaniachia ukumbi wa sherehe wenye viti mia mbili na jenereta moja bovu.

Na Papa Gustave. Huyo naye niliachiwa.

Papa Gustave ni Mkongo wa Likasi, fundi umeme wa migodini, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, na maneno kwake hutoka kwa mgawo. Miaka kumi na moja ni yeye aliyewasha ile jenereta. Kiwashio chake kilikufa zamani, kwa hiyo alijitengenezea kamba nene yenye mpini wa mbao aliouchonga mwenyewe. Anaizungusha kwenye gurudumu, anavuta mara moja tu, jenereta inanguruma. Kamba hiyo hakumwachia mtu. Sherehe ikiisha anaikunja, anaitia mfukoni na kwenda nayo nyumbani.

Lakini petroli, jamani! Umeme wa mji hapa kwetu unakatika kama mchezo. Mara waya zimeibiwa, mara transfoma imeungua. Ukikatika, jenereta inakunywa kuliko wageni wote wa harusi. Nikimpandishia bei mama wa bibi harusi, ananihama. Nisipompandishia, nabaki na sahani chafu na hasara. Mwaka jana nilifika mahali pa kuandika tangazo la kuuza ukumbi wa Sandile. Niliandika, nikalichana, nikalia, nikanawa uso.

Ndipo mwezi wa tatu nikaweka sola. Steve, fundi kutoka Newtown, alifunga paneli ishirini juu ya bati, na stoo akaweka betri na ile mashine ya kugeuza umeme, inveta. Akaniambia, "Mama, hii haiombi petroli, haiombi mtu. Ni jua tu." Lile neno la kwamba haiombi mtu lilinikaa kichwani, na ndilo lililoniponza.

Sikumfukuza Papa Gustave, Mungu ni shahidi. Nilimwambia abaki, apange viti na kufungua mlango. Aliitazama inveta muda mrefu, akamuuliza Steve maswali mawili ambayo mimi sikuyaelewa, kisha akasema, "Bon. Ni kitu kizuri." Basi, hakuongeza. Nikajisemea, huyu amekasirika. Mwanamume aliyekuwa akiwasha ukumbi mzima kwa mkono mmoja, leo anapanga viti, atakosaje kukasirika? Nikaanza kumchunga.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba nilifika alfajiri kuandaa meza, nikamwona juu ya bati, amechuchumaa katikati ya paneli zangu. "Unafanya nini huko?" nikamuuliza. "Ninaangalia, mama," akasema, akashuka ngazi suruali imelowa hadi magotini. Siku hiyo niliyameza. Mimi kumeza maneno! Yalinikaa tumboni wiki nzima.

Wiki iliyofuata nikaiuza jenereta kwa mpiga rangi wa magari wa Rosettenville. Alipokuja kuichukua akaniuliza, sasa hii inawashwaje? Nikamwita Papa Gustave. "Kamba iko wapi?"

"Iko kazini, mama."

"Kazini wapi? Jenereta si hii hapa inaondoka?"

Alifungua mdomo, nikaufunga kwa wangu. Nilimwambia yote. Kwamba anataka sola yangu ife ili jenereta irudi. Kwamba anapanda juu kuchezea nyaya. Kwamba kamba ameiiba ili nisiuze. Na siku hiyo pale mlangoni alisimama Jocelyne, msusi wa Joubert Park, mtu wa kanisa moja naye, aliyekuja kupanga harusi ya binti yake Benita. Alisikia kila neno. Papa Gustave aliweka funguo za ukumbi mezani taratibu, akasema, "Sawa, mama," akatoka. Na mimi, kwa kuwa sina breki, nikamfuata hadi barabarani: "Na juu ya bati langu usikanyage tena!" Ngazi nikaifungia stoo.

Jocelyne hata hivyo aliuchukua ukumbi. Harusi ya mchana, kwa umeme wa jua, ilikuwa nafuu kuliko kwingine kote, naye ndiye aliyemlea Benita peke yake kwa vidole vyake kumi vya kusuka. Mchungaji wao akaniambia wazi: wakiridhika, sherehe zote za kanisa zitakuwa kwangu. Nami nilijua upande wa pili bila kuambiwa. Wakongo wakisema ukumbi fulani uliharibu harusi, habari inafika hadi mtaa wa Yeoville wanakokaa wenzao kabla ya keki kukatwa. Ikiharibika hii, lile tangazo naliandika tena, na safari hii silichani.

Mwezi wa nane ukaingia na upepo wake. Anayekaa huku kusini mwa mji anaujua. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne, na upepo unachota mchanga wa njano kwenye vile vilima vya migodi ya dhahabu na kutumwagia sisi. Nilipigana na vumbi hilo kufa na kupona. Nilifunika viti kwa mashuka, nikafuta meza asubuhi, mchana na jioni, nikamgombeza kila aliyeingia bila kupangusa viatu. Nilifuta hata maua ya plastiki, ua moja moja.

Alhamisi umeme wa mji ukakatika. Sikushtuka, si nina jua? Jumamosi anga ilikuwa safi, watu wakajaa. Papa Gustave naye alikuwepo, meza ya tatu, na suti yake ya kahawia. Alinisalimia kwa kichwa. Mimi nikajifanya nina haraka.

Kwa Wakongo, kuingia kwa maharusi ndiyo harusi yenyewe. Hawaingii tu wakaketi. Wanacheza tangu mlangoni, hatua mbili mbele, moja nyuma, wasimamizi wamepangana kwa rangi, na mama mtu anatangulia akifagia njia kwa kitenge. Benita alifika katikati ya ukumbi, muziki umepamba moto, Jocelyne anacheka na kulia kwa pamoja. Pu! Kimya. Spika, mafriji, vipasha chakula, vyote vikazima. Benita alibaki mguu mmoja mbele. Jocelyne alinitazama tu, na ningeona afadhali anitukane.

Nikakimbilia stoo. Inveta ilikuwa na taa nyekundu, betri zimekauka. Nje jua la saa sita linawaka mpaka macho yanauma! Nikampigia Steve simu, ninapiga kelele.

"Mama, mara ya mwisho kuziosha ni lini?" akauliza.

"Kuosha nini?"

"Paneli, mama. Uko karibu na vile vilima, vumbi hilo linafunika kila kitu. Tangu mvua ikatike zingekuwa zimeshakufa. Nani alikuwa anakuoshea?"

Nikaiona ile suruali iliyolowa hadi magotini. Mimi ninayefuta maua ya plastiki, sikuwahi kujiuliza juu ya bati kuna nini.

Nikaenda meza ya tatu. "Papa Gustave, nakuomba upande juu."

"Mama, ulinikataza," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha tu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Watu wote mezani wakaangalia sahani zao. Kwa mara ya kwanza maishani mdomo wangu ukapata breki, saa ile ile niliyouhitaji.

Basi nikaitoa ngazi mwenyewe. Nikapandisha gauni, nikafunga kitenge juu yake, nikashika ndoo ya maji, nikapanda. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa! Harusi nzima ilitoka nje kunitazama. Nilipofika juu nikaona paneli ishirini zimelala chini ya vumbi la njano, kama unga ulioanikwa. Na pembeni, karibu na tangi la maji, kulikuwa na ndoo imepinduliwa chini juu, tambara limekunjwa vizuri, na brashi ndefu.

Ilikuwa brashi ya sakafu iliyofungwa kwenye mti mrefu wa ufagio, ili mtu afikie paneli ya katikati bila kukanyaga kioo. Na ilifungwa kwa kamba nene, imezungushwa na kukazwa kifundi, na mwisho wake ulining'inia mpini wa mbao. Nilioufahamu. Iko kazini, mama. Nilikaa pale pale juu ya bati nikalia kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Kisha nikainuka, nikaikamata ndoo nimwage.

"Mama! Usimwage!" Papa Gustave alikuwa ameshafika kwenye ngazi, koti ameliacha chini. "Kioo ni cha moto, maji baridi yatakipasua! Ndiyo maana mimi huosha alfajiri."

Akaninyang'anya ndoo, akachukua brashi yake. Akamwambia mtu aliyekuwa chini azime mafriji yote na vipasha chakula kwanza, ili umeme utakaopatikana utoshe muziki. Kisha akaanza kufagia kioo kikavu, taratibu, kutoka juu kwenda chini, na nyuma ya brashi weusi wa paneli ukatokea.

"Papa Gustave," nikasema, na nilisema kwa nguvu ili wa chini wasikie, "nilikusema vibaya mbele za watu. Nilikuita mwizi. Nakuomba radhi mbele za watu hao hao."

Hakuacha kufagia. Alifika mwisho wa paneli, akapumua, akanipa tambara. "Shika, mama. Anza na ile ya pembeni. Usikanyage kioo."

Tukafanya safu baada ya safu, mimi na gauni langu, yeye na suruali ya suti. Vumbi lilitujaa hadi kwenye nyusi. Tulipofika safu ya mwisho, muziki ukapasuka chini ya miguu yetu mpaka bati likatetemeka, watu wakapiga vigelegele, na nikamsikia Jocelyne akipaza sauti kwamba wote warudi mlangoni, binti yake anaingia upya.

Papa Gustave alijikung'uta magoti. Akaiegemeza brashi kwenye tangi, akaukaza mpini wa kamba mara moja, akatangulia kushuka. Alipofika chini aliishika ngazi kwa mikono miwili hadi nikakanyaga ardhi.

"Ijumaa nitafika saa kumi na mbili alfajiri," akasema, akiokota koti lake. "Ngazi usiifungie."