Shahidi wa Kipepeo

Kwa miaka minne nilikuwa naomba kitambulisho pale Liboi, karibu na mpaka wa Somalia, na kwa miaka minne kamati ya wazee ya kuhakiki uraia haikutimiza idadi. Wako watano, wanatakiwa wasipungue wanne. Kila Alhamisi nikifika nakuta watatu na birika la chai. Mmoja yuko Tarbaj mazishini, mwingine amefuata ngamia aliyepotea, na ngamia akipatikana mzee naye hapatikani. Nenda, rudi Alhamisi. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa nina ishirini na sita na hasira za mtu wa sitini.

Kazi ninayo. Namkamatia vipepeo Daktari Najib wa Garissa, anayeorodhesha aina zote za Kaskazini Mashariki, kutoka Mto Tana hadi Mandera. Nimempelekea zaidi ya mia sita. Kila mmoja huchomwa pini, akaandikiwa jina la Kilatini, mahali, tarehe, kisha jina la mkusanyaji na namba yake ya kitambulisho. Mimi sina namba, kwa hiyo huandikwa: mkusanyaji hajulikani. Mdudu wa kuishi wiki mbili ana majina matatu, na mimi Kaltun binti Jelle sijulikani. Iliniuma, sifichi.

Mvua za mwaka huu zilipokatika nikampata mmoja nyuma ya shule ya msingi, akitaga kwenye mti wa qalanqal. Nikawalea watoto wake kutoka yai hadi mabawa. Weupe, ncha za rangi ya chungwa, na mstari mweusi mwembamba kama uzi, ilhali wa Garissa mstari wao ni mnene. Daktari Najib alisema huenda ni nususpishi mpya, tawi jipya ndani ya spishi. Lakini mti ule uko kilomita chache tu kutoka mpakani, na ofisi moja ilikuwa imemwandikia kwamba kiumbe yeyote wa karibu hivyo asiingizwe kwenye orodha ya Kenya kabla kamati ya eneo haijathibitisha asili yake. Na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

"Kamati ipi?" nikauliza, ingawa moyo ulishanijibu.

Alhamisi hiyo walikuja wote watano, ndevu zimekolea hina. Karani, mgeni kutoka Kitui, akafungua faili jipya. Nikaweka chupa mezani, kipepeo ndani. Mzee Warfa, mwenyekiti, akavaa miwani.

"Hii kibebeo," akasema, kwa ulimi wa wazee wetu unaogeuza p kuwa b, "baba yake nani?"

"Baba simjui, adeer," nikasema, nikimwita ami kwa heshima. "Mama nilimwona akitaga."

"Lugha gani anaongea?"

"Haongei."

Wazee wakatikisa vichwa, hilo halikuwapendeza. Nikawaeleza kwamba spishi ni kama kabila, nususpishi ni kama ukoo. Hapo wakaelewa mara moja, wakabishana nusu saa nzima kuhusu ukoo gani una watu weupe hivyo.

Karani akagonga meza. Alitaka shahidi aliyemwona kipepeo akizaliwa. Nikasema ni mimi. Akataka namba yangu ya kitambulisho. Nikasema sina. Akafungua kitabu cha kanuni, akasoma, akakifunga: asiye na kitambulisho hawezi kumshuhudia mwingine.

"Basi bitisha yeye kwanza," Mzee Warfa akasema. "Tusichelewe kwa kibebeo."

Ilichukua dakika tatu tu. "Huyu binti Jelle. Akika yake mimi nilikula nyama," Mzee Warfa akasema. Karani akaandika. Akaniuliza kama nina jamaa ng'ambo ya mpaka. Nikasema hapana, kama kila mtu wa Liboi anavyosema, maana mwenye nao hapiti. Muhuri ukapigwa, nikapewa karatasi yenye namba, ya kusubiria kitambulisho.

Nilidhani ningefurahi. Nililia kwa hasira.

"Adeer, ulikuwa unanijua siku zote?"

"Nilikujua, adeer," akanijibu, maana wazee wetu humrudishia mtoto neno lilelile analowaitia. "Idadi ndiyo haikutosha."

Karani akarudi kwa kipepeo. "Ana jamaa ng'ambo?"

Ningesema hapana, Liboi ingepata kipepeo wake peke yake, na jina langu lingekaa chini yake milele. Lakini uongo ukiingia kwenye orodha ile, watu watausomea shule hata nikishakufa.

"Anao," nikasema. "Mstari ni uleule hadi Dhobley, ng'ambo ya mpaka, na huko wembamba na wanene wamechanganyika. Hakuna nususpishi mpya hapa."

"Umejuaje ya Dhobley?"

"Shangazi yangu aliniletea kumi na wawili, kwenye kopo la maziwa."

"Shangazi yupi?"

Ndipo nikasikia nilichokisema. Karani akachukua kalamu nyekundu. Akalifuta ombi la kipepeo kwanza, kisha akaivuta fomu yangu.

Mzee Warfa akavua miwani. "Andika mimi bia. Bibi yangu ya bili anakaa Dhobley."

"Mzee, mwenye jamaa ng'ambo haruhusiwi kukaa kwenye kamati."

"Andika. Miaka nne tumezungusha huyu mtoto. Leo amesema kweli, ndiyo tunamfuta?" Mimi hasira zikaniishia hapohapo.

Wa pili akasema ana mama mkwe. Wa tatu, kaka watatu na ngamia wao. Wa nne akataja dada yake. Wa tano alifikiri sana, kisha akakiri kwamba alizaliwa hukohuko, ila alihamia huku mapema asubuhi. Karani akawaandika, akawatoa kwenye kamati mmoja mmoja, na kila aliyetolewa alibaki kitini pake akimalizia chai.

Kalamu nyekundu ikarudi kwenye fomu yangu. Karani akafungua tena kile kitabu chake. Kumfuta mtu aliyekwisha kupita kunahitaji wajumbe wanne. Akawahesabu waliobaki, akapata sifuri. Akahesabu tena. Kisha akafunga faili langu, likiwa na muhuri wake.

Ijumaa Daktari Najib alinipigia kunisomea kijikaratasi cha kipepeo kabla hajakibandika. Nususpishi: ya kawaida, pande zote mbili za mpaka. Mahali: Liboi. Mkusanyaji: Kaltun Jelle. Akasoma na namba.

Nikamwambia simu inakatika, arudie kutoka kwenye jina.