Mwenye Dawa

Kidonge ni kilekile. Cheupe, kina mstari katikati wa kukivunjia, nusu asubuhi, nusu jioni, na tangu Chiriku aanze kukimeza hajaanguka tena. Leo mwuza dawa amesimama mbele ya kabati lililobandikwa karatasi yenye muhuri, anamwambia mama yake Chiriku, fundi cherehani wa mtaa wa pili, kwamba hicho si dawa tena.

"Sasa kinaitwa bandia, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu sheria mpya."

"Kwani ndani kimebadilika nini?"

"Hakijabadilika kitu. Ila kimeigwa. Aliyekivumbua yuko ng'ambo, na sasa ruhusa ya kukitengeneza ni yake peke yake. Nchi imejiunga na ule umoja wa biashara wa dunia, dada. Huingii hivi hivi. Kwanza unabadilisha sheria zako zifanane na zao."

"Na sisi tunapata nini?"

"Tutawauzia maua bila ushuru."

"Mimi na maua wapi na wapi, kaka? Mimi nina mtoto wa kifafa!"

Dawa halali ilikuwepo, imepangwa nyuma ya kioo. Boksi moja bei ya cherehani nzima. Haya, auze cherehani, anunue ya mwezi huu. Mwezi ujao auze nini, mlango? Wabunge waliipitisha sheria hiyo mchana mmoja, kati ya chakula na chai, wakapigiana makofi. Wao wakiumwa hupanda ndege.

Mwuza dawa akainamisha macho. Naye ana watoto, na faini ingemfunga duka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nyuma ya soko alisimama mtu aliyeuza vidonge kutoka kwenye begi alilolitundika begani, watu wakimwita Daktari wa Begani. "Ndivyo vilevile, mama," akaapa. "Nilivificha kabla hawajaja kukamata." Moyo ulimkataza fundi. Mkono ukanunua.

Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikimung'unya akashangaa. "Mama, mbona cha leo kitamu?"

"Meza, usiniletee maneno."

Wiki haikuisha. Alianguka akimshikia mama yake kitambaa, akagonga kichwa kwenye chuma cha cherehani, akaung'ata ulimi hadi damu. Fundi alitia kidonge kingine kwenye kikombe cha maji. Kikayeyuka, ukabaki unga mweupe chini. Alilia kwa hasira, akajitukana, kisha akambeba binti yake mgongoni hadi ofisi ya kuzuia bidhaa bandia.

"Nimekuja kushtaki," alimwambia afisa. "Nimeuziwa dawa bandia, na aliyeniuzia najua anaposimama."

Afisa alikigeuza kidonge kiganjani. "Hakina jina. Hakina nembo."

"Ni unga, baba! Onja mwenyewe."

"Sikatai. Lakini bandia ni kitu kilichoiga mali ya mtu. Hiki kimeiga mali ya nani?"

"Kimemwangusha mwanangu!"

"Pole, mama. Nakuelewa." Na kweli sauti yake ilikuwa ya upole. "Ila kesi hizi hufunguliwa na mwenye dawa. Wewe ni mwenye dawa?"

"Mimi ni mwenye mtoto."

Afisa alifunua sheria mpya, karatasi bado zimeshikana, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta kwa nia njema. Akaifunga.

"Hilo halimo."

Mgongoni, miguu ya Chiriku ikaanza kurusha mateke. Fundi alimshusha sakafuni upesi, akamgeuza ubavu, akavua kilemba chake akamkingia kichwa. Waliokuwa kwenye foleni wakarudi nyuma. Afisa alisimama, akachungulia juu ya meza yake.

"Msogeze kidogo, mama," alisema. "Hapo anaziba mlango."