Bega la Ndani

Trela lilikuwa limeshatoka kwenye geti la karakana na vumbi lake halijatua bado, Kucha alipoona kitu akaomba macho yake yawe yamemdanganya.

Gari jekundu la mkwewe lilikuwa limefungwa juu ya trela kwa mikanda minne. Trela lilipokata kona pale kwenye ukuta wa kiwanda cha magodoro, jua la asubuhi likapenya chini ya gari, likamulika tairi la nyuma la kushoto kwa upande wa ndani, ule ambao mtu akisimama wima hauoni hata akodoe macho vipi. Kwenye bega la tairi palikuwa na mstari wa kijivu wenye manyoya manyoya, kama kidevu cha mtu asiyenyoa siku tatu.

Nyuzi. Mpira ulikuwa umeliwa wote mpaka nyuzi za chuma zimechungulia nje. Na juu ya tairi hilohilo, upande wa nje, palikuwa na mstari wa chaki nyeupe. Kipande cha chaki chenyewe kilikuwa bado mfukoni mwa Kucha.

Alipiga kelele, akakimbia hatua kama ishirini, kandambili zikamvuka. Aliyeshika usukani wa gari lililovuta trela alikuwa mkwewe, ambaye watu wa uwanja wa magari ya kasi walimwita Risasi. Pembeni yake alikaa mke wake, binti wa pekee wa Kucha. Muziki ulikuwa juu. Hawakusikia.

Akatoa simu, akampigia binti. Iliita mara moja tu.

"Mzee," ilikuwa sauti ya Risasi, "umeshaanza tena?"

"Sikiliza, mwanangu. Tairi la nyuma kushoto limekwisha. Lina nyuzi nje. Usiliingize uwanjani."

"Alhamisi ulilipiga chaki kwa mkono wako mwenyewe."

"Nilikosea."

Katika karakana ile, miaka ishirini na sita, Kucha hakuwahi kulitamka neno hilo. Risasi alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Ukosee? Baba mkwe, ungetafuta uongo mwingine." Simu ikazimwa na haikuwaka tena.

Kucha aliingia kwenye gari lake la mizigo, kuukuu, gia ya tatu haishiki, akawafuata. Kabla ya kuondoka alichukua bisibisi ndefu, akaichomeka mfukoni. Alijisemea: maneno yakishindwa, nitalitoboa tairi, ugomvi uishe. Uwanja ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari zima. Kwa lake, hesabu yake anaijua Mungu.

Aliitwa Kucha kwa sababu ya ukucha wa dole gumba la kulia, mnene, wa manjano, aliokuwa ameufuga makusudi kwa kazi. Magari ya kukimbizwa uwanjani si kama ya kwendea sokoni. Si mashindano: uwanja hufunguliwa siku maalumu, mwenye gari la kasi anaingia, anazunguka apendavyo, anasukuma kila kona mpaka mpira unanuka. Asubuhi moja uwanjani inaweza kula tairi ambalo barabarani lingekaa mwaka. Kucha alikuwa akibonyeza ukucha kwenye mpira. Alama ikijifuta polepole, mpira una uhai. Ukucha ukikataa kuzama, kama unabonyeza kwato, basi mpira umeungua na kukauka, hata kama meno yake bado marefu. Halafu alipitisha kiganja kwenda na kurudi, asikie upande gani laini na upande gani msumeno. Mwisho alilala chini kwa ubavu, akaingiza mkono nyuma ya tairi na kupapasa bega la ndani. Hapo ndipo alipojijengea jina. Magari hayo hufungwa magurudumu yakiwa yameinama kidogo kuelekea ndani kwa juu, ili yashike kona, na bega la ndani huteketea kimyakimya huku la nje likikuchekea.

Akiridhika, alichora mstari wa chaki. Tairi lenye mstari wa Kucha halikuulizwa na mtu.

Madereva walizoea kumtania. "Kucha, siku ile kijana alipokuja kuposa, ulimpapasa bega la ndani au ulitazama la nje tu?" Zamani alikuwa akicheka nao.

Alhamisi alikuwa ameshayamaliza matairi matatu na ndiyo kwanza anapiga magoti alikague lile la nne, binti yake alipoingia kuleta funguo za trela. Joto lilikuwa la kukaanga watu, naye alikuwa amejifunga kitambaa shingoni. Alipoinama kuweka funguo mezani, kitambaa kikateleza. Kucha akaona vidole vinne upande mmoja wa shingo na dole gumba upande wa pili, vimevilia damu, vya rangi ya zambarau. Mtu aliyesoma alama kwenye mpira maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa.

Alichukua mtarimbo wa kuvulia matairi, akamwendea Risasi pale kando ya gari jekundu, akampiga nao begani. Pigo la pili halikufika. Risasi alikuwa nusu ya umri wake. Alimtandika ngumi moja ya mdomo, moja ya tumbo, akamkalia kifuani pale sakafuni kwenye oili, akamwinamia.

"Nimalizie, Mzee? Sema tu. Nimalizie?"

Aliyemvuta akamtoa alikuwa Grisi, fundi wa injini, mtu aliyefanya kazi na Kucha tangu wote wana nywele nyeusi. Baadaye Kucha alisimama ameegemea ukuta, anatema damu kwenye kopo la rangi. Binti alilia bila sauti mlangoni. Grisi, ambaye akiona aibu huwa anakimbilia kazi, akauliza: "Sasa Kucha, na hili la mwisho?"

Kucha alitaka kitu kimoja tu: waondoke mbele ya macho yake. Aliinama, akachora mstari. Hakulala chini wala hakuingiza mkono.

Binti alimnong'oneza wakati wanatoka: "Nguo zangu nimeshazifunga, baba. Amesema Jumamosi nikae naye garini mizunguko sita, halafu ataniacha nirudi nyumbani kwa amani."

"Sita ya nini?"

"Anataka kuniona nikiogopa. Ni sita tu, baba. Nitavumilia."

Kucha alifika uwanjani saa nne na ushee, gari linatoa moshi. Gari jekundu lilikuwa la kwanza kwenye foleni ya kuingia, injini inanguruma, binti amefungwa mkanda kiti cha abiria, helmeti kubwa kuliko kichwa chake. Kucha alikwenda moja kwa moja akaweka viganja viwili juu ya boneti.

"Mzee, toka njiani!" alipiga kelele msimamizi, mtu mfupi mwenye bendera na orodha.

"Gari hili haliingii! Tairi limekwisha!"

Risasi alishuka. Alikuwa amevaa ovaroli jeupe, jipya. Alimsogelea baba mkwe wake akitabasamu ili watu waone, kisha akamsukuma kwa kifua.

"Jamani, mnamsikia? Alhamisi alinipiga chuma begani kwa ajili ya mambo ya chumbani kwangu. Leo kaja na hadithi ya tairi."

Msimamizi alitikisa kichwa, akaenda kuita walinzi.

Grisi, aliyekuwa ametangulia uwanjani kuhudumia injini, alikuja mbio. Alitazama tairi kwa juu, akaiona chaki. "Kucha, ndugu yangu. Mkono wako huu hapa. Sasa tuamini mkono au mdomo?"

"Usiamini kimoja. Lala chini upapase."

"Kesi za nyumbani zimalizie nyumbani, rafiki yangu. Hapa watu wanatuangalia."

"Lala chini, Grisi!"

Ngumi ya kwanza ya Risasi ilifungua upya kidonda cha mdomo. Ya pili ilimpata jichoni. Kucha alianguka, akajaribu kutambaa kuelekea gurudumu, naye Risasi akampiga teke la mbavu, kitu kikalia ndani kama kijiti kikavu. Madereva wengine walisogea, wakasimama kama wanatazama mvua. Kucha alisema kutoka chini, na damu ikimtoka: "Ingiza mkono. Usiniamini mimi. Ingiza tu mkono wako." Teke jingine. "Ingiza mkono."

Mlango wa abiria ukafunguka.

Binti alivua helmeti, akazunguka nyuma ya gari, akalala chini kwa ubavu kwenye lami ya moto. Hakuna aliyemfundisha siku ile. Alikulia kwenye karakana, alijua kulala vile kabla ya kujua kusoma. Aliingiza mkono nyuma ya tairi mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ukabadilika. Alipoutoa mkono, vidole viwili vilikuwa vimechanwa na waya, damu inachuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Grisi, angalia," alisema. "Angalia, mjomba."

Grisi alitazama damu, akatazama chaki.

"Rudi garini," Risasi alisema.

"Sirudi."

"Mizunguko sita. Tumekubaliana."

"Nimesema sirudi."

Alimzaba kofi lililosikika mpaka mwisho wa foleni, akamkamata nywele na kumburuta kuelekea mlangoni. Binti alikuwa bado ameshika mkanda wa helmeti. Aliizungusha kwa nguvu zote za miaka minne ya ndoa ile, ikampata Risasi katikati ya uso. Pua ikavunjika. Damu ilimwagika juu ya ovaroli jeupe kama mtu kapindua sufuria. Risasi aliyumba, akaachia nywele, akashika mlango wa gari asianguke.

Hapo nyuma kwenye foleni, mtu mmoja akacheka. "Kumbe risasi ni ya baridi!"

Wengine wakafuata kucheka.

Kama si kicheko kile, huenda mambo yangeishia pale. Risasi alijipangusa kwa kiganja, akawatazama wote mmoja mmoja, akatema.

"Mimi naendesha gari," alisema. "Siendeshi chaki ya mtu." Akaingia, akavaa helmeti juu ya damu, akajifunga mkanda, akakanyaga mafuta mpaka masikio yakauma.

Kucha alikuwa ameshajiinua kwa goti moja. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa mbele yake, umbali wa mkono. Bisibisi ilikuwa imeshatoka mfukoni, ameishika kama mtu anayejua mahali pa kuchoma: ubavuni, pale mpira ulipo mwembamba. Kazi ya sekunde moja.

"Kucha," Grisi alimwambia kwa sauti ya chini. "Litoboe."

Kucha alisikia. Aligeuka akamtazama binti yake, amekaa kwenye lami, kitambaa kimemdondoka, vidole vinne na dole gumba viko wazi kwenye shingo mbele ya kila mtu. Kisha akaitazama ile alama yake ya chaki.

Akairudisha bisibisi mfukoni. Akasimama, akashika mbavu zake, akapisha njia.

Msimamizi alikuwa anarudi na walinzi wawili, anahema. "Haya, Mzee, mara ya mwisho nakuuliza. Kuna tatizo la gari au la nyumbani?"

"La nyumbani," Kucha alisema.

Grisi aliinamisha kichwa. Binti alifungua mdomo, akamtazama baba yake, akaufunga. Bendera ikapanda.

Mzunguko wa kwanza Risasi aliupita kwa hasira, mkia wa gari ukipepesuka kila kona. Wa pili ulikuwa wa kasi zaidi. Wa tatu kila mtu alianza kusikia mlio ambao si wa injini, kishindo cha haraka haraka, pa-pa-pa-pa, kama kofi juu ya maji. Kucha alihesabu kimoyomoyo. Alizipa nyuzi zile mizunguko mitano. Zilikaa minne.

Tairi lilipasuka kwenye kona ndefu ya kulia baada ya sehemu iliyonyooka, mahali ambapo uzito wote wa gari hulalia upande wa kushoto. Mlio ulikuwa kama bomba la chuma limepigwa kwa nyundo. Ngozi ya tairi ilichanika, ikapiga bati la gari na kuling'oa, rimu ikachimba lami, cheche zikaruka juu kuliko paa. Gari liligeuka likatazama lilikotoka, likavuka changarawe bila kupunguza hata kidogo, likaingia ukutani kwa upande wa abiria. Kiti alichokuwa amekaa binti kilibanwa mpaka kikakutana na cha dereva. Kisha likaruka, likajipindua mara mbili, likalala juu ya paa, magurudumu matatu yakizunguka.

Binti aliinuka akatazama. Alishika mkono wa baba yake, ule wenye ukucha, akaubana mpaka damu ya vidole vyake ikaingia kwenye mistari ya kiganja cha mzee.

Risasi alitolewa na mashine ya kukatia chuma. Aliishi siku tisa hospitalini, hakuzinduka, akafa.

Wachunguzi walikiokota kipande cha tairi chenye chaki, wakamwita Kucha. Alikiri kwamba Alhamisi alilipitisha tairi bila kulipapasa. Kuhusu Jumamosi hawakumuuliza sawasawa, naye hakuwaambia. Alifungwa miezi kumi na minne. Aliporudi mbavu zilikuwa zimeunga vibaya na hakuweza tena kulala kwa ubavu.

Grisi aliandikisha maelezo kwamba hakusikia neno lolote lililosemwa kabla ya gari kuingia. Mwezi uliofuata alihama mji. Anatengeneza jenereta.

Msimamizi bado yuko uwanjani. Siku hizi anaingiza mkono nyuma ya kila tairi mwenyewe, na haangalii chaki ya mtu yeyote.

Binti ndiye mwenye karakana. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunji vizuri, kwa hiyo anapapasa kwa mkono wa kushoto. Baba yake anakaa mlangoni, anapokea wateja na kupanga spana. Hawajawahi kuzungumza juu ya yale maneno mawili aliyomwambia msimamizi.

Gari la mizigo lipo. Gia ya tatu bado haishiki.