Walinzi Watatu wa Mlango

Kesi iliyokuwa nyumbani asubuhi ile ilikuwa moja tu: chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, kiwe cha nani?

Mke wa mwana mkubwa alikitaka kiwe karakana yake. Alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, na alikwisha kuchoka kutengenezea pasi na redio juu ya kitanda, usiku mumewe akigeuka anachomwa na skrubu. Shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ile, naye alikitaka kiwe duka lake la kinyozi. Hakungoja jibu. Kiti cha kunyolea alikwisha kukiingiza, akakikalisha katikati ya chumba kama bwana harusi.

Mwenye nyumba ni mama mkwe wa fundi, mtu wa vitendawili hata akiagiza chumvi. Akakata shauri: "Maikrowevu yangu ina ugonjwa usiojulikana. Mkwe wangu, ukiiponya kabla ya chakula cha mchana, chumba ni chako. Ikikushinda, shemeji yako anyoe vichwa vya watu, na habari ya karakana iishe."

"Basi imekwisha, Mama," shemeji akacheka, akijizungusha kitini. "Mimi mwenyewe nimeibadilishia fyuzi mara mbili, zote zimekufa. Sembuse huyu!"

"Shemeji, wewe hata kipara kinakushinda kunyoa," fundi akamjibu, na huku ameshaibeba maikrowevu kuipeleka kwenye meza ya jikoni.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ukitia fyuzi mpya, maikrowevu inawaka, sahani inazunguka, chakula kinapata moto. Ukiufungua mlango katikati ya kupasha, pah! Giza. Fyuzi imekufa.

Fundi akachomoa plagi, akavua bati la nje, akaumaliza umeme unaojificha kwenye kapasita, maana huo huuma hata plagi ikiwa mfukoni mwako. Kisha akailaza maikrowevu chali, mlango ukitazama dari, apate kuona vizuri. Nyuma ya tundu ambamo kulabu za mlango huingia, kulikuwa na swichi tatu ndogo. Akazipima kwa mita, mlango akiufungua na kuufunga. Ya kwanza inaachia, ya pili inaachia, ya tatu inafuata. Safi kabisa!

"Ni fyuzi mbovu ulizonunua," akamwambia shemeji, na kicheko kikamtoka. Akatia fyuzi mpya, akafunga bati, akaisimamisha. Kikombe cha maji ndani. Ikanguruma! Mama mkwe akapiga vigelegele, akanyoosha mkono, akafungua mlango.

Pah!

Shemeji akapiga kofi moja. "Karibuni kinyozi!"

Fundi akajipapasa. Mfukoni alikuwa amebakiwa na fyuzi moja, na sufuria la mama mkwe lilikwisha kuanza kunukia.

"Si uunganishe nyaya tu, swichi hizo uziruke?" shemeji akasema. "Itawaka, Mama atakula, yaishe."

"Eti, mkwe wangu?" mama mkwe naye akauliza, maana njaa haina adabu. "Inawezekana?"

Inawezekana! Dakika chache tu, na chumba ni chake. Akakitazama kile kipande cha waya mezani, akakisukuma mbali. "Inawezekana, Mama, lakini siku mlango utakapofunguliwa nayo ingali inawaka, itaupika mkono wako kabla ya wali. Sifanyi. Heri nirudi kitandani na redio zangu."

Mama mkwe akarudi kwenye sufuria lake.

Fundi akarudi mezani. Nikiipima iko sawa, ikiwaka inaua fyuzi. Kwa nini? Akaizunguka maikrowevu kama kuku aliyepoteza yai. Nikiipima iko sawa... nilipoipima ilikuwa *imelala*!

"Shemeji! Njoo uishike hivi hivi, isimame!"

Akachomoa plagi tena, akavua bati, akamaliza ule umeme wa kujificha, akapima mlango ukiwa wima. Akaufungua polepole. Swichi ya kati ikaachia. Ya chini ikageuka. Ya juu, kimya! Kulabu ya juu ilikuwa imeshuka, imeikalia swichi isiinuke.

"Nimekupata!" akaruka, bisibisi ikaanguka chini. "Mama! Kitendawili!"

"Tega!" mama mkwe akaitikia toka penye sufuria, mwiko mkononi.

"Nyumba yangu ina walinzi watatu. Wawili hukata umeme mgeni akifungua mlango. Mmoja wao akisinzia, wa tatu humzima taa mwenye nyumba."

Mama mkwe akafumba jicho moja. "Wa tatu si mwovu. Anaua fyuzi ili mtu asife."

"Umepata, Mama! Fyuzi zilikuwa zinakufa kazini. Mlango umelegea, maikrowevu ikisimama unaning'inia, mlinzi wa juu haamki."

"Na nani aliyeulegeza mlango wangu?"

Fundi akainama kwenye bawaba ya chini. Skrubu zimelegea, na kwenye grisi yake kumenata vinywele vifupi vifupi, vyeusi. Akavitoa kwa kidole, akamgeukia shemeji. Shemeji akakitazama kidole, akajishika kisogo.

"Kioo cha mlango ni cheusi, kinaonyesha vizuri," akanong'ona. "Naufungua, naegemea kiwiko, najifunza kujichonga nywele..."

"Kikulacho!" mama mkwe akamaka, mwiko juu. "Kumbe kinyozi umeshafungua, na anayenyolewa ni mimi!"

Wakacheka mpaka machozi, lakini mikono ya fundi haikusimama. Akaunyanyua mlango ukae sawa, akakaza bawaba. Akatoa swichi mbili mpya kwenye sanduku lake la kazi, moja badala ya ile ya juu iliyochoka, moja badala ya ile ya tatu iliyoungua midomo kwa cheche. Akapima ikiwa wima: moja, mbili, tatu, kwa zamu zao kama watoto wa mstarini. Akatia fyuzi ya mwisho, akafunga bati. Ikawaka. Akapitisha kipimo chake cha mionzi pembeni mwa mlango, hakikulia.

"Fungua, Mama."

Mama mkwe akanyoosha mkono, akasita, akafungua. Sahani ikasimama, kimya, na taa ya ndani ikabaki inawaka. Akafunga, akawasha, akafungua tena, na tena, kama mtoto aliyepewa kengele.

"Basi Mama, utaichosha!"

"Niache, chumba nimeshatoa, furaha usininyime." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, barazani kuna kivuli. Nyoa huko. Aliyekataa kuunganisha waya nikiwa na njaa, huyo ndiye nitakayemwachia umeme wa nyumba yangu."

Fundi hakungoja chakula. Alikwisha kuishika meza kwa ncha moja, anaikokota kuelekea chumba cha mbele, anacheka peke yake, anaita, "Shemeji! Shika upande huo! Dirishani, dirishani!"