Miaka Minane ya Ntirenganya

Asubuhi ya kwanza baada ya kuachishwa kazi kwa uzee, mwaka wa 1951, Onésime Ntirenganya alitoka kunawa uso akakuta watu wanane wameketi juu ya mawe ya volkano uani kwake, Kibati. Wote walikuwa yeye. Wa kwanza alikuwa na umri wake uleule, miaka arobaini na saba. Wa mwisho alikuwa na mvi za kutosha, lakini shingo bado nene. Aliwatambua mara moja: ilikuwa miaka yake minane ambayo ofisi ya barabara imeikataa. Aliiamkia, kisha akamwambia mkewe kuna wageni.

"Beko bangapi?" Pascasie akauliza kutoka jikoni.

"Banane."

"Basi nitaweka nyungu kubwa."

Kosa lenyewe lilikuwa la zamani. Siku ya kuandikwa kazi, karani Édouard alimuuliza alizaliwa lini, naye akajibu kama watu wote wa huku: mwaka moto uliposhuka kutoka mlimani. Moto ulikuwa umeshuka mara mbili, na kati ya mara hizo ilipita miaka minane. Karani hakuuliza ni moto upi. Aliandika ule wa kwanza, na Ntirenganya akazeeka miaka minane akiwa amesimama mbele ya meza. Wakati ule alifurahi, maana watu wazima walipewa beleshi na vijana walipewa vikapu tu.

Na kazi aliipenda, hilo hakulificha kamwe. Nani asingeipenda barabara ya Rutshuru ya enzi zile? Ukungu wa Kibumba haujapanda, kapita Honoré, mnyapara wao, anapuliza filimbi, wanaume ishirini wanaimba huku wakipasua mawe meusi, na mama mmoja anapita na kikapu cha viazi akiwatania kwamba wanaimba kuliko wanavyopasua. Ntirenganya alilijua kila shimo kwa siku lilipozaliwa. Alikuwa na mgongo mzima, macho mazima, na hamu ya kwenda kazini hata Jumapili.

Siku hiyohiyo aliichukua miaka yake, wakateremka pamoja kwa miguu mpaka Goma, akaipanga mstari mbele ya ofisi. Édouard alitoka na kalamu sikioni. Aliihesabu, akaibonyeza mabega mmoja mmoja.

"Papa Onésime, minaona bote beko na nguvu. Lakini buku ya kazi inasema cinquante-cinq, makumi tano na tano, na mutu wa cinquante-cinq anarudia kwake."

"Njo wewe uliandika mubaya."

"Njo miye. Lakini buku ilishaenda Bukavu, kwa bakubwa."

Alisema kwa huruma ya kweli. Aliwaletea maji ya kunywa, akawaonyesha mahali penye kivuli wapumzike kabla ya kupanda tena.

Basi miaka ikakaa uani. Pascasie aliipa majembe, nayo ikajaribu kwa adabu, lakini mipini iliteleza mikononi, kwa sababu ilikuwa miaka ya barabara, si ya shamba. Kila siku saa kumi na mbili unusu filimbi ya Honoré ilipolia, yote minane ilisimama, ikajipanga, ikangoja kidogo, ikaketi tena. Lori likitumbukia shimoni huko juu, Ntirenganya na wenzake walikunja uso pamoja. Majirani walizoea, wakawa wanapita kuwasalimia wote tisa.

Kila mwaka, wakati wa kuvuna maharagwe, mmoja wao uliinuka, ukaaga, ukashika njia. Siku hiyo Ntirenganya aliamka na mvi zaidi kidogo. Pascasie alipunguza sahani moja, wakaendelea.

Kufika 1959 ulikuwa umebaki ule wa mwisho tu. Ulikunja kabuti lake, ukasimama mbele ya Ntirenganya ambaye sasa alifanana nao nywele kwa nywele. Aliushika mkono, akaugeuza kiganja. Kilikuwa laini kama cha mtu aliyezaliwa juzi. Hakikuwa na sugu hata moja. Alikitazama sana.

"Ungekuwa mwaka muzuri," akauambia.

"Ninajua, muzee," mwaka ukajibu. Ukamshukuru Pascasie kwa chakula, ukaenda zake.