Mwalimu wa Karatasi

Jumatano, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, Chizuru alifuta meza, akapanga viti sita, kisha akaenda kutazama ubao wa majina. Katika shule ile ya mazungumzo ya Kiingereza, ghorofa ya tatu juu ya duka la miwani karibu na kituo cha treni cha Takasaki, Japani, wanafunzi walijichagulia mwalimu kwa kuandika majina yao chini ya jina lake. Chini ya Chizuru palikuwa na jina moja tu, la Bi Kuwabara. Mengine yote yalikuwa chini ya Desmond.

Desmond alikuwa ametoka kwenye tangazo la ngazini. Mwalimu wa kigeni alirudi kwao Januari, na wiki iliyofuata mwanamume wa kwenye picha, mwenye nywele za dhahabu na shati la buluu, alibanduka ukutani akapeperuka hadi darasani. Alikuwa wa karatasi, na aliishia kifuani kwa sababu picha iliishia hapo. Mkuu wa shule, Bwana Nishiwaki, alimtafutia kiti kirefu, akampa jina na ratiba. Desmond alijua sentensi tatu, zile zilizochapwa kwenye tangazo: Tabasamu! Dunia inakusubiri! Somo la kwanza ni bure! Wanafunzi walizirudia na kuziandika daftarini.

Chizuru alikuwa amesoma Kiingereza miaka kumi na mmoja, minne kati yake huko Leeds, Uingereza. Alimwonea Desmond wivu kwa meno yake, kwa jinsi wanafunzi walivyojitengeneza nywele kabla ya kuingia, na zaidi kwa zawadi. Waliotoka safari walimwekea biskuti za mchele, naye hana hata tumbo. Chizuru alizila peke yake kwenye chumba cha chai, na hakuuona utamu wake.

Bi Kuwabara aliingia akihema kwa ngazi. Chizuru alikuwa amemfundisha tangu herufi ya kwanza, miaka minne.

"Usininunie, Mwalimu," alisema, akifuta jina lake kwa kidole. "Wenzangu wananicheka. Eti nasoma Kiingereza kwa Mjapani, kama anayenunua samaki kwa fundi viatu."

"Lakini na mjukuu wako wa Perth, kule Australia, si mnaongea vizuri sasa?"

"Tunaongea, ndiyo. Ila sura, mwanangu! Sura kama yako naiona kila siku sokoni."

Akaandika jina lake upya, chini ya Desmond.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Upepo mkavu wa Machi ulimwangusha Desmond kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa mweupe mtupu. Chizuru alimwinua. Alikuwa mwepesi; Chizuru angeweza kumkunja mara nne akamtia mkobani. Aliliwaza jambo hilo kwa muda, kisha akamnyoosha kona moja iliyojikunja.

"Mshikilie hivyohivyo," Bwana Nishiwaki alisema kutoka mlangoni. "Yeye ana uso, wewe una maneno. Kaa nyuma yake uongee."

"Na darasa langu?"

"Si ndilo hilo? Ulikuwa na mmoja, leo unao sita."

Chizuru alikaa nyuma ya karatasi akaongea saa nzima. Alimuuliza Bi Kuwabara habari za mjukuu, akamsahihisha polepole, kama alivyozoea. Hakuna aliyeuliza kwa nini Desmond ana sauti ya kike. Ubaoni, Bwana Nishiwaki alifuta jina la Chizuru ili majina ya wanafunzi wa Desmond yapate nafasi.

Baada ya somo wanafunzi walitaka picha na Desmond, wakampa Chizuru simu awapige.

"Sogea, Mwalimu, kivuli chako kinamwangukia!"

Akasogea.

Bi Kuwabara alibaki nyuma, akamshika mkono.

"Leo nimeelewa kila neno," alisema. "Huyo ndiye mwalimu! Na wewe usikate tamaa, binti yangu. Ukikaa karibu naye hivyo, siku moja utaongea kama yeye."

Chizuru aliinama, kama inavyopasa.

"Asante, Bi Kuwabara. Nitajitahidi."