Karatasi Iliyobaki Ukutani

Karatasi arobaini na tatu zilijipanga ukutani kutoka mlangoni hadi dirishani, zote zimeandikwa kwa wino, kila moja na hatua ya kazi na tarehe yake. Kwa sababu ya karatasi hizo kiongozi wa mradi alipewa jina la Mama Ramani, na jina likamganda. Waandishi wake wa programu walimheshimu, ila walimtania kwamba hata chafya yake ina tarehe.

Kazi ilikuwa ya hospitali: programu ya wodi ya watoto, ya kuandikia hali za wagonjwa na kukokotoa vipimo vya dawa. Siku hiyo ilimlazimu aamue itajengwa vipi. Wafuate ramani, wajenge mwaka mzima ndipo waionyeshe? Au wamsikilize msaidizi wake, wajenge kipande kidogo kila wiki mbili na kumpelekea muuguzi ili akijaribu? Vipande alividharau; aliviona sawa na kujenga nyumba huku unauliza mlango ukae wapi. Lakini ramani nayo ilimtia hofu, na hilo hakumwambia mtu. Miaka miwili nyuma alikabidhi programu ya shule, haikuchelewa hata siku moja, na hakuna mwalimu aliyeitumia. Aibu ile aliimeza kimyakimya, na hakuwa na tumbo la kumeza nyingine.

"Twende na ukurasa mmoja tu," msaidizi alimwambia. "Tukiaibika, tumeaibika kidogo."

Hospitalini walimkuta muuguzi mkuu wa wodi, mama wa makamo, amevaa glavu. Mama Ramani alimkabidhi kishikwambi, akamweleza kuwa anaanza kwa kuandika nywila, neno la siri la kuingilia, ya herufi kumi na mbili. Ukurasa huo aliupanga kwa wiki sita. Muuguzi akabonyeza, kioo kikanyamaza. Akabonyeza tena. Akaitazama glavu yake, kisha akamtazama mgeni wake.

"Mwanangu, mtoto akiishiwa pumzi, nivue glavu kwanza nianze kukumbuka nywila?"

Mama Ramani aliingoja aibu impande kama zamani. Haikuja. Alicheka, tena kwa sauti, na mabega yakamlegea kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Kosa lilikuwa la ukurasa mmoja, na lilionekana kabla ya kujengewa mengine juu yake. Afadhali, alijisemea, afadhali mno.

"Na vipimo vya dawa?" muuguzi aliuliza, naye hakuwa akicheka. "Hivyo msije kunijaribia kwa watoto."

"Hapana, mama," Mama Ramani alijibu. "Hivyo tutavipanga vyote na kuvihakiki, ndipo uvione."

Muuguzi aliridhika. Alipowasindikiza mlangoni aliuliza watarudi lini. Mama Ramani alimgeukia. Programu ngapi alizokabidhi, watu wakatia sahihi na kumshukuru, wala hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Wiki mbili," alisema.

Ofisini alibandua karatasi arobaini na mbili, msaidizi akizipokea moja moja bila utani. Ya vipimo vya dawa aliiacha palepale, na wino wake. Kisha akachukua moja ya zilizobanduliwa, akaigeuza upande mweupe, akapekua droo zake zote akitafuta penseli. Hakuwa nayo. Akaazima ya msaidizi wake.